Hadithi Ikigeuzwa Haifi: Jibu kwa Wanaotaka Kuifungia



Katika kikao cha mwisho cha chama chetu, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama na kutoa pendekezo. Alitaka tuandike ndani ya kanuni zetu ya kwamba kila hadithi iliyopokelewa kwa wazee ichezwe na isimuliwe paka vile ilivyosemwa: kwa lugha ile ile, bila kuongeza wimbo, bila kupunguza mtu, bila kubadili jina. Watu walipiga mikono. Sisi hatukupiga. Tuliomba neno, tukaambiwa saa imeisha. Njo maana tunaandika.

Pendekezo lile halikuanguka toka mbinguni. Lilizaliwa na jambo ambalo wengi wenu mnalijua. Mwaka jana wanafunzi wetu wa mwaka wa tano walitayarisha kwa ajili ya sikukuu ya kufunga masomo ile hadithi ya Kalulu aliyewavutisha kamba Tembo na Kiboko, kila mmoja akidhani anashindana na Kalulu mwenyewe. Nani kati yetu hakuisikia kwa nyanya yake? Watoto waliifanya kwa Kiswahili cha hapa mjini, na gitaa mbili na ngoma moja. Tembo akawa mukubwa wa ofisi mwenye koti na tumbo la kuazima (mto wa kitanda, tuseme ukweli), Kiboko akawa mfanyabiashara mwenye kamyo. Siku tatu mbele ya sikukuu, wakubwa fulani wakasema: hii si mila, hii ni michezo ya barabarani, acheni. Vijana kumi na wanne waliofanya mazoezi miezi miwili wakakaa chini. Msichana aliyecheza Kalulu alikuja kutuuliza: «Mwalimu, tuliharibu nini?»

Hatukuwa na jibu fupi. Tuko na jibu refu, na linapita njia ya mbali kidogo: linapita Berlin, katika mwaka wa 1849. Kwa nini huko? Kwa sababu mzee wetu, akitetea pendekezo lake, alisema maneno haya mbele ya watu wote: «Wazungu wenyewe hawagusi vitabu vya wakubwa wao. Shakespeare wanamcheza vile alivyoandika.» Na watu wakaitika kwa kichwa. Sasa, mzee, kwa heshima yote tuliyo nayo kwako, pale ndipo ulipokosa njia. Shakespeare wamemgusa, wakamgeuza, wakamkata, wakamvalisha nguo nyingine, na kazi moja nzuri kuliko nyingi ilitoka katika kugeuza huko. Tuitazame.

Tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka wa 1849, katika nyumba ya opera ya mfalme mjini Berlin, watu waliona kwa mara ya kwanza Die lustigen Weiber von Windsor, ndiyo kusema Wanawake Wachangamfu wa Windsor. Muziki ulikuwa wa Otto Nicolai, mzaliwa wa Königsberg, mtu wa miaka 38, na yeye mwenyewe aliiongoza orkestra. Maneno yaliandikwa na Salomon Hermann Mosenthal, kijana wa Kassel, ambaye hakuwa bado amefika miaka thelathini. Asili yake ni mchezo wa Shakespeare wenye jina lile lile, uliochapwa mara ya kwanza mwaka wa 1602.

Kwa wale wasioujua, kisa ni hiki. Sir John Falstaff ni mzee wa cheo, mnene, mlevi, tena hana pesa. Anaandika barua ya mapenzi kwa wanawake wawili walioolewa, akitumaini kula ndani ya mifuko ya waume zao. Barua ni moja! Amebadili jina tu. Wanawake ni marafiki, wanaonyeshana barua, na wanakata shauri kumwadhibu bila kwenda kwa hakimu. Mara ya kwanza wanamwita nyumbani, mume anarudi, wanamficha ndani ya kikapu kikubwa cha nguo chafu, na kikapu kinakwenda kumwagwa mtoni. Mara ya pili wanamvalisha kama mwanamke mzee, na mume, ambaye hamjui, anamtandika fimbo na kumfukuza. Mara ya tatu wanamwita porini usiku wa manane, chini ya mti wa Herne, mwindaji ambaye watu wa pale wanaamini mzimu wake unatembea, na mji mzima unamrukia ukiwa umevaa kama majini. Pembeni kuna binti anayependwa na wanaume watatu: mmoja anatakiwa na baba, mmoja na mama, mmoja na binti mwenyewe. Mnajua tayari nani atashinda.

Sasa tuhesabu makosa ya Mosenthal na Nicolai kwa kipimo cha pendekezo letu.

Lugha: Kiingereza kimetoka, Kijerumani kimeingia. Kosa la kwanza. Watu: Shakespeare alikuwa na mchungaji kutoka Wales anayevunja Kiingereza, alikuwa na Mama Quickly, mpeleka habari wa kila upande, alikuwa na wafuasi wa Falstaff, Bardolph, Pistol na Nym. Wote wamefutwa. Mwanzo: Shakespeare anafungua na wanaume wanaogombana juu ya wanyama walioibwa na Falstaff, opera inafungua na wanawake wawili wenye barua mkononi, wanaimba pamoja, na kabla hujakaa vizuri kwenye kiti umekwisha kujua mchezo huu ni wa nani. Nyimbo: zimeongezwa toka mwanzo mpaka mwisho, na katikati wanasema maneno ya kawaida bila kuimba, namna Wajerumani walivyozoea katika opera zao za kuchekesha. Kwa kanuni yetu mpya, bwana Nicolai angefukuzwa mlangoni pamoja na filimbi zake.

Na majina? Hapa tunaomba msomaji asikimbie, maana ndipo penye siri. Kwa Shakespeare mume mwenye wivu anaitwa Ford. Neno hilo kwa Kiingereza ni kivuko, pale watu wanapopita mto kwa miguu. Anapojigeuza kusudi ampeleleze Falstaff, anajiita Brook, ndiyo kusema kijito. Maji kwa maji. Na Falstaff, aliyemwagwa ndani ya mto kwa ajili ya mke wa Kivuko, halafu anakwenda kumsimulia Kijito mambo yote, anachekesha mara mbili kwa mtu anayesikia Kiingereza. Mjerumani wa Berlin angesikia Ford na Brook kama kelele tu. Kwa hiyo katika opera mume anaitwa Fluth, neno la maji mengi yanayofurika, na akijigeuza anajiita Bach, kijito. Maji yamebaki! Majina yalibadilishwa kusudi kicheko kisibadilike. Kama wangeyaacha vile yalivyoandikwa, wangekuwa wameshika herufi na kuacha kitu chenyewe chini.

Watoto wetu walimfanya Tembo mukubwa wa ofisi. Kwa nini? Katika mji huu, mtoto wa miaka kumi na sita hajaona tembo hata siku moja, isipokuwa kwenye picha. Bibi aliyeisimulia hadithi ile zamani alimchagua tembo juu wasikilizaji wake walimuogopa: aliharibu mashamba yao na hawakuwa na la kumfanya. Leo nani anaharibu na hakuna la kumfanya? Watoto walijibu. Labda jibu lao ndilo lililowaudhi wale wakubwa kuliko gitaa, lakini hayo tuyaache.

Tuendelee na makosa ya Wajerumani, maana hayajaisha. Katika opera, Falstaff ana wimbo wa kunywa ambao haumo kabisa katika mchezo wa Windsor. Umetoka wapi? Umejengwa juu ya wimbo wa mchekeshaji wa mchezo mwingine wa Shakespeare, Twelfth Night. Na porini, binti Anna anatokea kama Titania na mpenzi wake Fenton kama Oberon, malkia na mfalme wa majini, ambao ni watu wa A Midsummer Night's Dream. Wamechota kisima hiki na kile. Hata hila ya mwisho wameigeuza: kwa Shakespeare wale wachumba wawili wasiotakiwa wanaondoka kila mmoja na mvulana aliyevaa kama binti, kwa Mosenthal wanashikana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akidhani amempata Anna. Tunakubali, hii ya pili inatuchekesha zaidi.

Kilichopatikana ni nini? Tulisikia muziki huu mara ya kwanza kwenye kaseti ya padri mmoja aliyetufundisha, wakati tungali wanafunzi. Siku hizi mtu anaupata kwenye telefone yake. Kipande cha mwanzo kinachopigwa na orkestra peke yake kinaanza polepole sana, sauti moja ya juu inakaa, na chini yake vyombo vinene vinatembea kama mtu anayeingia porini bila taa. Huo ndio muziki wa mwezi unaopanda katika sehemu ya tatu, pale watu wanapoimba wakiungojea. Halafu wanatoka mbu na nyigu, watu wa mji waliojigeuza wadudu, wanamchoma mzee Falstaff mpaka anaomba rehema. Kwa Shakespeare porini pana maneno mazuri, hatukatai. Lakini usiku wenyewe, ule ubaridi na ule woga unaochanganyika na kicheko, Nicolai ameutia katika vyombo, na hakuna mwandishi wa maneno matupu ambaye angeweza kufanya vile. Jina kamili la kazi yake linasema ni opera ya kuchekesha na ya mambo ya ajabu, na yote mawili yamo.

Tusiwe waongo: kuna kilichopotea. Yule mchungaji wa Wales na yule Mama Quickly ni nusu ya utamu wa lugha katika mchezo wa asili. Mchezo ule karibu wote si mashairi, ni maongezi ya watu wa mji mdogo, kila mtu na mdomo wake, na opera imewanyamazisha wengi. Mtu anayeijua opera peke yake hajamjua Shakespeare. Ni kweli. Lakini mchezo wa Shakespeare ulikufa? Hapana. Uko, unachapwa, unachezwa, na aliyependa opera anaweza kwenda kuutafuta. Njia haikufungwa.

Na huyo Shakespeare tunayeambiwa asiguswe, yeye aligusa nini? Falstaff alikuwa amekwisha kumtumia katika michezo ya mfalme Henry IV, akamtoa huko vitani akamleta Windsor kati ya mama wa nyumbani. Kuhusu mpenzi anayefichwa chini ya nguo za kufuliwa, kisa cha namna hiyo kimo katika Il Pecorone, kitabu cha hadithi za Kiitalia kilichochapwa Milano mwaka wa 1558. Kitabu hicho hicho kina hadithi ya mkopo na ratili ya nyama ya mtu, ambayo Shakespeare aliifanya The Merchant of Venice. Na ile sisi watu wa Kiswahili tunaijua: Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikatoka mwaka wa 1969 kwa jina Mabepari wa Venisi. Tazameni jina lenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari, wengi. Mwalimu aligusa! Na hakuna aliyesema ameua kitu.

Nicolai naye alikuwa mtu aliyechanganyika. Alikaa Roma akipiga kinanda katika kanisa la ubalozi wa Prussia, akaandika opera za Kiitalia, akajifunza kwa Waitalia namna ya kuifanya sauti ya mwanadamu ikimbie na kuruka. Kisha alikuwa mkuu wa orkestra mjini Vienna, na tamasha alizoanzisha pale mwaka wa 1842 ndizo mwanzo wa orkestra ya Vienna Philharmonic inayojulikana dunia nzima. Wimbo wa peke yake wa mke wa Fluth, pale anapojifundisha mbele yetu namna atakavyojifanya mke aliyeudhika, una mtindo wa Kiitalia wazi. Je, ni opera ya Kijerumani au si ya Kijerumani? Wajerumani wameihesabu kati ya opera zao bora za kuchekesha, hawakumuuliza Nicolai cheti cha kuzaliwa cha kila nota.

Vienna, pahali alipotumika miaka, haikutaka kuionyesha. Akahamia Berlin. Alipoiongoza pale hakuwa na muda mrefu: alikufa tarehe 11 mwezi wa tano mwaka ule ule, miezi miwili tu nyuma ya onyesho la kwanza. Hakuona njia ambayo kazi yake ingepita. Kuna jambo jingine juu yake ambalo hutuchekesha kwa uchungu: alikuwa amekataa maneno ya opera Nabucco, yakampata Verdi, nayo ikamfanya Verdi kuwa mtu mkubwa. Nabucco ilitokea Milano tarehe 9 mwezi wa tatu 1842, miaka saba kamili mbele ya Wanawake wa Berlin, siku ile ile. Na Verdi yule yule, akiwa mzee wa miaka 79, akachukua kisa hiki cha Windsor na kukifanya Falstaff, mwaka wa 1893, kwa Kiitalia. Akageuza tena: yule binti, ambaye kwa Shakespeare ni wa Page, kwa Verdi amekuwa binti wa Ford. Salieri alikuwa amekwisha kuifanya yake mwaka wa 1799. Hivi, kisa cha nguo chafu kilichotoka kwa Waitalia kilipita kwa Mwingereza na Mjerumani, kikarudi kwao kimenona kama Falstaff mwenyewe.

Sasa tunasikia jibu la mzee wetu, maana ni mtu mwenye akili: «Ninyi mnasema mambo ya vitabu. Kitabu kikigeuzwa, kile cha zamani kinabaki kwenye maktaba. Yetu ni ya mdomo. Bibi akifa na watoto wakiwa wanajua paka ile ya gitaa, ya bibi imekwenda.» Hili ni neno zito na hatutalirukia. Ni kweli kabisa. Lakini linadai nini? Linadai tuandike, tusikilize, turekodi. Halidai tuwafunge watoto midomo. Chama chetu kina miaka mingi, na daftari la hadithi zilizochukuliwa kwa wazee, na jina la msimuliaji, na kijiji, na siku, hatuna. Hapo kuna aibu, na aibu hiyo si ya msichana wa mwaka wa tano. Kazi ile ya Berlin ilitangaza wazi ya kwamba imetolewa kwa Shakespeare. Watoto wetu je, nani aliwafundisha kusema: hii tuliipata kwa bibi fulani? Kwa upande huo hata sisi walimu tuna kosa.

Tena, «vile ilivyosemwa» ni vipi? Mchezo wa Windsor wenyewe, ule uliochapwa 1602 ni mfupi sana kuliko ule wa kitabu kikubwa cha 1623, na wasomi wanabishana mpaka leo juu ya uhusiano wa maandishi hayo mawili. Na nyanya zetu? Hadithi ya Kalulu na kamba sisi tumeisikia kwa namna tatu. Katika moja kamba inakatika. Katika nyingine Tembo na Kiboko wanakutana wanapofuata kamba na kuona haya. Katika ya tatu Kalulu mwenyewe anaikata na kukimbia. Tutaandika ipi ndani ya kanuni? Tutapiga kura?

Hapa Lubumbashi hatukupaswa hata kusafiri mpaka Berlin, tungetazama mlangoni. Kikundi cha Mufwankolo kilicheza kwa miaka mingi, kwa Kiswahili cha mji huu, bila maandishi, wakijenga mchezo pamoja wakati wa mazoezi; mwaka wa 1986 walichukua msemo mmoja wa wazee juu ya mamlaka inayoliwa nzima na kuufanya mchezo kamili, na Profesa Johannes Fabian akauandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 1990. Msemo ule ulikuwa mdomoni mwa wazee. Leo uko pia ndani ya maktaba za dunia, kwa sababu watu wa teatri waliugeuza. Na Missa Luba ya Kamina, ya mwaka wa 1958, maneno ya Kilatini hayakubadilika hata moja, lakini sauti zikawa za kwetu. Wakati huo pia walikuwako wa kusema hii si misa.

Hatusemi kila kugeuza ni kuzuri. Tumeona harusi ambapo mtu anamwaga pombe chini akidhani anaheshimu mababu, hajui hata ni nani anayemwagiwa wala kwa maneno gani. Mosenthal na Nicolai walijua walichokuwa wanakata. Anayetaka kukata lazima ajue kwanza, na hiyo ni kazi ya shule, na ya chama hiki pia.

Neno moja la pembeni. Katika kikao kile wasemaji wote walikuwa wanaume. Mama zetu walikaa nyuma, na ndio wenye hadithi. Wanawake wa Windsor hawakungoja kupewa neno.

Tunaomba basi pendekezo lisiandikwe ndani ya kanuni mpaka lijadiliwe upya, na mama wakiwemo. Kwenye kikao kinachokuja tutaleta daftari: hadithi ya Kalulu kwa namna zake tatu, kila moja na jina la aliyetupa. Mbili tayari zimeandikwa, ya tatu tunaifuata Jumapili kwa bibi mmoja ambaye hasikii vizuri sasa, lakini anakumbuka. Vijana wamekwisha kuanza mazoezi tena. Msichana aliyecheza Kalulu amemaliza shule mwaka huu, nafasi yake ameichukua mdogo wake, na tumbo la Tembo limepata mto mpya.